Mwalimu Nakundwa na Daftari la Fundi

Mwanamke mmoja alikuwa na meza ya kuandikia, na droo ya meza hiyo ilikuwa na ufunguo. Jina lake Nakundwa. Alikaa juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni, na alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu. Alikuwa pia mwandishi. Vitabu vyake viwili vilikuwa vimechapishwa, na watu wa kule walivisoma na kuazimana mpaka majalada yakabanduka. Kinamama sokoni wakisema Mwalimu walimaanisha yeye peke yake, ingawa walimu wengine walikuwepo.

Kwa miaka tisa alikuwa akiandika kitabu cha tatu. Kilihusu mwaka ule ndiva ilipopasuka. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo watu wa milima ile hukusanyia maji ya kijito, kisha wakayafungulia mashamba kwa zamu. Nakundwa alikuwa na umri wa miaka minane mvua za masika zilipobomoa ukuta wa ndiva yao, maji yakashuka na kuchukua nyumba tatu pamoja na waliokuwa ndani. Wanaume wengi walikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Wanawake ndio waliozika, na wanawake ndio waliojenga ukuta upya kwa mikono yao. Kila mtu kule aliijua habari hii. Lakini Nakundwa aliihesabu kuwa yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa ameiandika.

Karibu na kanisa, kwenye kibanda cha mbao chenye dirisha moja, alikuwepo fundi cherehani aitwaye Eliwaza. Nakundwa alimfundisha darasa la nne. Yeye ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha jinsi ya kuvuta mkia wa herufi ili usigongane na mstari wa chini. Eliwaza hakuendelea na sekondari. Alijifunza kushona kwa shangazi yake, akaolewa, akafiwa na mume, akalea wanawe wawili kwa cherehani ile ile. Mteja akisimama kupimwa, huwa anazungumza. Anamweleza fundi mambo ambayo hajamweleza mumewe. Eliwaza alisikiliza miaka kumi na tano, pini zikiwa mdomoni.

Siku moja mchana alipanda hadi kwa Nakundwa, amebeba kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Umeniletea nini?"

Eliwaza alifungua kile kitenge. Ndani mlikuwa na daftari kubwa, kurasa zake zimejaa pande zote mbili.

"Nimejaribu kuandika," alisema. "Sijui kama ni kitu au si kitu. Wewe ndiye ninayemwamini. Ukiniambia niache, nitaacha."

Nakundwa alicheka kwa upole, akampa chai ya tangawizi, akamsindikiza mpaka kwenye migomba. Alikuwa na furaha ya kweli. Mwalimu gani hafurahi kuletewa daftari? Akakaa mezani, akalifungua, akaanza kusoma huku penseli ikiwa tayari mkononi.

Ukurasa wa pili penseli ilishuka. Eliwaza alikuwa ameandika mwaka ule ndiva ilipopasuka. Bibi yake alikuwa mmoja wa waliojenga ukuta, na Eliwaza alikuwa ameyachukua maneno ya bibi na maneno ya wateja, akayaunga. Nukta zilikosekana. Aya zilianzia popote. Lakini wanawake wa ndani ya daftari lile walizungumza. Waligombana nani abebe jiwe lipi. Mmoja aliapa hatagusa udongo uliomchukua mwanawe, na kesho yake alikuwa wa kwanza kufika. Nakundwa alisoma mpaka mwisho bila kuinuka, na alipomaliza aliona kwamba chai yake imepoa. Katika miaka tisa hakuwahi kuandika ukurasa mmoja wenye uhai kama ule.

Angeweza kuteremka siku ile ile akamwambia. Badala yake alilitia daftari ndani ya droo, akazungusha ufunguo.

Alijiambia kwamba kazi nzito haisomwi mara moja. Alijiambia kwamba daftari linahitaji nukta, na nukta zinahitaji muda. Baadaye alijiambia jambo la tatu, na hili hakulitamka hata kimoyomoyo kwa maneno kamili: kwamba yeye akimaliza kwanza, kitabu chake kikitoka kwanza, basi itakuwa rahisi kumsaidia fundi kwa moyo mweupe.

Wiki ya tatu Eliwaza alimngoja nje ya kanisa baada ya ibada.

"Mwalimu, ulipata nafasi?"

"Bado, mwanangu. Kusoma kunataka utulivu. Vuta subira."

"Sawa, Mwalimu. Mimi sina haraka."

Wiki ya sita aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, akajibiwa vile vile. Baada ya hapo hakuuliza. Wakikutana njiani alisalimia, akapita, na Nakundwa akaona nafuu. Naomba mwiangalie vizuri nafuu hiyo, ndugu zangu. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akidhani ni amani.

Sasa ikawa kwamba Nakundwa hawezi kuandika. Kila asubuhi alikaa mbele ya karatasi. Aliandika mistari mitatu, akafuta miwili. Wanawake wake walisimama kwenye ukuta wa ndiva kama watu waliopangwa kupigwa picha, na hakuna aliyefungua kinywa. Siku moja tu sentensi nzuri ilimjia, nyepesi na kamili, kuhusu mwanamke anayeosha matope kwenye vidole vya miguu ya mama yake aliyekufa. Akaiandika. Akainuka, akazunguka chumba kwa furaha. Aliporudi kukaa aliisoma tena, na moyo ukamwanguka. Aliijua ilikotoka. Ilitoka ukurasa wa kumi na nane wa daftari lililofungiwa chini ya kiwiko chake.

Aliikata ile sentensi kwa wino mpaka karatasi ikatoboka. Hata hivyo daftari hakulirudisha. Aibu nayo ina namna yake ya kumzuia mtu asitoke nyumbani.

Mwezi wa tatu tangu aletewe daftari, umoja wa wanawake kanisani ulikuwa unaandaa sikukuu yake, na kila mwanachama alitakiwa kushona sare. Fundi alikuwa mmoja tu. Nakundwa aliahirisha, akaahirisha tena, mwisho mwenyekiti akamtumia ujumbe kwamba amebaki yeye. Ikabidi ateremke.

Eliwaza alimpokea kwa heshima kama siku zote. Alimkalisha, akampima, akakiandika kila kipimo. Nakundwa aliporudi baada ya siku nne kujaribu, gauni lilikuwa limeshikizwa kwa pini tu, na kwenye mkono wa kushoto karatasi ya kukatia, ile inayompa fundi umbo la kipande, ilikuwa bado imebanwa juu ya kitambaa. Zamani mafundi wa kule walikatia kwa magazeti makuukuu. Siku hizi gazeti ni adimu milimani, watu wanasoma habari kwenye simu, kwa hiyo fundi hutumia karatasi yoyote aliyonayo, akaiunganisha kwa gundi ya unga wa ngano.

Nakundwa alitazama mkono wake mwenyewe. Karatasi ile ilikuwa ya daftari. Ilikuwa na maandishi, na mikia ya herufi ilivutwa vizuri bila kugongana na mstari wa chini. Akageuza kiwiko, akasoma: *Bibi arusi alipofungua sanduku lake, aliona kwamba mama yake amemwekea, chini kabisa ya nguo zote,* na hapo karatasi ilikuwa imekatwa kwa mviringo, mahali pa bega.

"Eliwaza. Hii ni nini?"

"Ni ya kukatia tu, Mwalimu. Usijali, naitoa."

"Nauliza maandishi."

Eliwaza aliinama kwenye pindo. "Nilikuwa nimeanza hadithi nyingine. Baada ya ile ya kwanza. Nilipoona kimya nikasema, basi, makaratasi yasiharibike bure."

"Mama yake alimwekea nini chini ya nguo?"

"Ilikuwa kwenye kipande cha pili. Kile nilikatia kola ya Mama Mchungaji, nikakitia motoni."

"Wewe mwenyewe hukumbuki?"

Eliwaza alifikiri. Alifikiri kwa muda, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Sikumbuki, Mwalimu. Nilikijua wakati ule ninaandika."

Nakundwa alisimama katikati ya kibanda, amevaa hadithi ya mtu mwingine begani, na aliona wazi alichokifanya. Alikuwa amedhani anachelewesha kitu. Kumbe alikuwa anakiua. Kitu kilichokuwa chini ya nguo katika sanduku la bibi arusi yule hakuna mtu duniani atakayekijua tena, wala yeye, wala aliyekiweka pale.

Angeweza bado kujiokoa. Angesema, ndio kwanza nimemaliza kusoma, samahani kwa kuchelewa. Fundi angeamini. Alifungua kinywa kusema hivyo, na maneno mengine yakatoka.

"Daftari lako nilimaliza kulisoma siku ile ile uliyonipa. Nililificha kwa sababu ni zuri."

Eliwaza alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya meza ya cherehani. Zilikuwa saba. Nje mtu alipita akiswaga mbuzi. Nakundwa alingoja kutukanwa, na angeshukuru.

"Miezi mitatu, Mwalimu," alisema Eliwaza.

"Miezi mitatu."

"Nilikuwa naamka nasema, leo ataniambia. Halafu nikaanza kusema, Mwalimu ananionea huruma, hataki kunivunja moyo. Nikakuona mtu mwema."

Eliwaza alichukua futi yake ya kupimia shingoni, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Nyoosha mkono," alisema. "Nimalizie."

Akamaliza. Nakundwa hakumlazimisha amsamehe.

Kesho yake Nakundwa aliteremka tena, daftari mkononi, kwenye kitenge kile kile. Alikuwa ameweka alama za penseli pembeni mwa kila ukurasa: hapa weka nukta, hapa anza aya, hapa usiguse chochote. Chini ya kwapa alibeba mzigo wa pili, mnene zaidi, umefungwa kwa kamba ya katani. Ulikuwa muswada wake wa miaka tisa, ambao hakuna jicho lingine lililowahi kuuona.

"Huu ni wangu," alisema. "Nisomee na wewe."

"Mimi? Mwalimu, mimi nitasema nini?"

"Utakachokiona."

Eliwaza aliusoma siku kumi, katikati ya sare na sare. Hakuwa na penseli karibu, akatumia chaki yake ya kuwekea alama kwenye kitambaa. Muswada uliporudi ulikuwa na mistari ya buluu na myeupe, na fundi alieleza kila mmoja kwa lugha ya kazi yake.

"Hapa inapwaya, Mwalimu. Maneno ni mengi, mwili haujai ndani. Hapa inabana, msomaji hawezi kuvuta pumzi. Na huyu mama hapa, aliyefiwa, anazungumza kama barua ya serikali. Nani anayelia hivyo?"

Nakundwa alihisi uso unamwaka moto. Halafu akasoma yale maneno ya mama aliyefiwa, kwa sauti, pale kibandani. Alipofika katikati alicheka. Eliwaza alijizuia, akashindwa, akacheka pia. Walicheka mpaka mteja aliyekuwa anakuja akasimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa mtu mwingine kuyasikia maneno yale. Hapo Nakundwa akaelewa kwa nini wanawake wake walikuwa bubu. Alikuwa amewafungia chumba kimoja na yeye, na yeye akawa hana la kuwaambia.

Mchapishaji wa mjini alikuwa akimngoja Nakundwa kwa kitabu hicho. Eliwaza alipomaliza kurekebisha daftari lake na kumruhusu alitume, Nakundwa alikaa mezani akamwandikia mchapishaji huyo barua. Alisema kwamba habari ya ndiva imeshaandikwa, na aliyeiandika ni fundi cherehani aitwaye Eliwaza, na kwamba anaiambatanisha. Jibu lilirudi baada ya majuma machache. Walikipokea kitabu cha Eliwaza kwa furaha. Lakini walieleza pia, kwa adabu, kwamba hawawezi kutoa vitabu viwili vya bwawa moja kwa kufuatana. Mwalimu itambidi asubiri.

Alisubiri miaka miwili. Sitawadanganya kwamba hakuumia. Siku sanduku la vitabu vya Eliwaza lilipofika, Nakundwa alishika nakala moja, akainusa, akaona wivu ukipita ndani yake kama baridi inavyopita mlango ukifunguliwa. Akauacha upite. Halafu akamshika Eliwaza mkono, wakaenda pamoja kuwaonyesha watu.

Na kule kusubiri kulimpa kitu. Kwa kuwa mwenzake alikuwa ameshausimulia ukuta, Nakundwa hakuhitaji tena kuubeba. Aliondoa sura sita za mwanzo. Akajikuta anaandika juu ya mtoto wa miaka minane, ambaye kila mtu alimwambia akae pembeni asichafue nguo, wakati mama zake wote wapo kwenye matope. Hilo ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo. Hakuliona kwa sababu alikuwa anang'ang'ania la wote. Aliliandika kwa miezi kumi na minne, naye Eliwaza akapitisha chaki, mpaka nacho kikachapishwa. Siku hizi mtu akisoma kitabu kimoja huja kuuliza kingine, na mwenye duka la vitabu mjini amechoka kueleza kwamba waandishi hawa si mtu na dada yake.

Tangu wakati huo, kila Alhamisi saa tisa alasiri, cherehani hufunikwa kwa shuka na watu hukaa kwenye kibanda cha Eliwaza. Muuguzi wa zahanati huja na mashairi. Mjane mmoja anayelima tangawizi huja na hadithi za mama mkwe, na hakuna anayeamini kwamba ni za kubuni. Bwana shamba mstaafu huja na maandishi juu ya magonjwa ya kahawa, hayo tu, lakini ameyaandika kwa mapenzi kiasi kwamba siku aliposoma jinsi mti wa mwisho wa baba yake ulivyonyauka, watu walitoa leso. Nakundwa hawasifii kwa uongo. Andiko likiwa baya husema ni baya, akaonyesha wapi. Lakini ameweka sharti moja ambalo hata yeye halivunji: aliyeleta Alhamisi hii hujibiwa Alhamisi ijayo, awe nani, liwe nini.

Kuna mgeni aliyefika mwaka jana kumhoji. Alimkuta Nakundwa amekaa kwenye benchi la kibanda kile, sikio amelitega kwa binti muuza mboga ambaye sauti yake ilikuwa inakauka kwa woga wa kusoma mbele za watu. Mgeni alingoja mpaka wakapumzika, akamuuliza kama saa hizi anazotumia kwa kazi za wengine haziibi saa za kazi yake.

Nakundwa alimtazama kama mtu ambaye hajaelewa swali.

"Mimi nilishakaa peke yangu na kazi yangu," alisema. "Haikunikuza, wala mimi sikuikuza. Kaa hapa. Huyu binti anaendelea, nami nataka kujua mwisho wake."

Akasogea, mgeni akapata nafasi, na binti akafungua ukurasa wa pili.

Nanyi mnaonisikiliza leo, kila mmoja kwa kipawa alichopewa, ajiulize kabla hajalala: ni nani huyo anayeamka kila siku akisema leo atanijibu, na mimi ninamjua, na nimenyamaza?